Maziwa Yapi? Neno "Mzio" na Kadi ya Kliniki

Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wa jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, paliandikwa maneno matatu kwa kalamu ya bluu: "Asipewe maziwa kabisa." Mtoto alikuwa na miezi tisa. Kila akinyweshwa uji wenye maziwa ya ng'ombe midomo inavimba, vipele vinamtapakaa shingoni, na kabla ya nusu saa haijapita anatapika. Aliyeandika alikuwa ameuona ugonjwa sawasawa. Mama mtu naye akatii alichosoma. Siku ya nne alikuja kwangu kanga imelowa kifuani, maziwa yamemjaa hadi anashindwa kuinua mkono, na mtoto analia mgongoni. Alikuwa amemwachisha kunyonya.

Simlaumu yeye, wala simlaumu aliyeshika kalamu. Tatizo lilikuwa neno. Katika Kiswahili maziwa ni ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kopo, ya soya, na kabla ya hayo yote ni ya mama. Neno hilohilo ndilo wingi wa ziwa, yaani titi. Ukimwambia mama wa mtoto mchanga "asipewe maziwa", umemwambia mambo mawili kwa pamoja, na moja kati ya hayo linaweza kumuua mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye bila kuongezewa chochote hadi miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto mwenye tatizo hili hajatolewa katika ushauri huo. Kama dalili zinamjia hata anaponyonya tu, daktari humwomba mama mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe na vyote vitokanavyo nayo kwa muda, huku akiendelea kunyonyesha.

Jina kamili la tatizo hilo ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Hospitalini utasikia zaidi "aleji". Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa mjini Vienna, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha "nyingine" na la pili "kazi": mwili unakutana na kitu kisicho na madhara, nao unafanya kazi nyingine isiyotarajiwa. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, inaichukulia protini ya maziwa kuwa adui na kuishambulia. Ni neno zuri kwa aliyesoma Kigiriki. Kwa mama wa Isange au Kalenga halisemi kitu.

Mzio linasema. Kabla wataalamu wa istilahi hawajalichukua, tayari lilikuwa neno la jikoni. Kwa wazee wa pwani, mzio ni chakula ambacho mtu hakili kwa sababu kinamdhuru, au mganga amemkataza, au ni mwiko wa kwao. "Pweza ni mzio wangu," mtu akisema, sahani ya pweza inapita bila kubishaniwa. Nalo lina ndugu huko bara. Waganda wana omuziro, mnyama au mmea ambao ukoo hauli. Wakikuyu wana mugiro. Wahehe wa Iringa wana mugilo, chakula ambacho mtu wa ukoo fulani hagusi, anachokirithi kwa baba yake pamoja na jina la ukoo. Ni mzizi mmoja. Kiswahili kimedondosha konsonanti ya mwisho, kama kilivyozoea.

Nguvu ya neno hili niliiona kwa macho yangu. Mwanangu wa pili ana mzio huo. Alipokuwa na miezi kumi na minne tulipanda basi kutoka Mbeya kwenda kumwona bibi yake nje kidogo ya mji wa Iringa. Mama yangu anafuga ng'ombe wawili wa ndani, na kwake mjukuu asiyenywa maziwa ni mjukuu anayenyimwa. Asubuhi ya kwanza nilimkuta jikoni, sufuria ya uji iko mafigani, kikombe cha maziwa mkononi.

"Tone tu, mwanangu. Litamfanya nini?"

Nikaanza kumweleza habari za protini na kinga ya mwili. Alinisikiliza kwa adabu, kikombe bado kiko juu ya sufuria. Mwisho nikasema, "Mama, maziwa ni mugilo wake."

Akakiweka kikombe chini. Akauepua ule uji, akaumimina kwenye bakuli la mbwa, akaisugua sufuria kwa majivu, akaisuuza mara mbili, ndipo akabandika maji mapya. Hakuuliza tena kuhusu tone. Aliuliza jambo moja tu: "Umetoka kwa baba yake?"

Sijapata kuona maelezo ya kitabibu yakifanya kazi haraka namna ile. Neno lilibeba kila kitu: kwamba kidogo ni sawa na kingi, kwamba chombo kinahesabika, kwamba anayepika ndiye mwenye jukumu na si mtoto, na kwamba asiye na mzio huo haambiwi aache chakula chake. Mama aliendelea na chai yake ya maziwa pale pale. Ndiyo maana nalipenda neno mzio kuliko aleji, na ninaomba wauguzi walitumie bila kuona haya kwamba ni la kienyeji.

Lakini lile swali lake la mwisho linaonyesha pia mahali neno linapoteleza. Mugilo hurithiwa kwa baba na hudumu hadi kaburini. Mzio wa maziwa si hivyo. Huwa unaelekea familia zenye pumu, ukurutu au mizio mingine, upande wowote, na watoto wengi huuacha nyuma wakikua, mara nyingi kabla ya umri wa kuanza shule. Kwa hiyo mzio huu unapaswa kupimwa upya. Daktari huondoa maziwa kwa wiki mbili hadi nne aone kama dalili zinakwisha, kisha huyarudisha kwa uangalizi ili kuthibitisha. Mtoto akikua hujaribiwa tena. Kwa aliyewahi kuvimba au kupumua kwa shida, majaribio hayo hayafanywi nyumbani.

Tena mwiko wa ukoo una mipaka mikali: ukikatazwa nyama ya mnyama fulani, ya jamaa yake unakula. Hapa ndipo familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini hukosea kwa nia njema. Ng'ombe amekataa, basi tumtafutie mtoto maziwa ya mbuzi. Protini za maziwa ya mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno kiasi kwamba walio wengi wenye mzio wa moja huudhika na nyingine. Kuchemsha hakusaidii kiasi cha kutegemewa. Kugandisha hakusaidii kabisa: mtindi una protini zilezile.

Mtindi unanipeleka kwenye neno la pili, linalochanganywa na mzio kila siku: kutohimili laktosi. Laktosi ni sukari ya maziwa. Ili itumike mwilini hukatwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi kilichoko kwenye utumbo mwembamba. Kimeng'enya kikipungua, sukari inafika utumbo mpana haijakatwa, bakteria wanaichachusha, tumbo linajaa gesi, linanguruma na kuharisha. Kinga ya mwili haihusiki, wala midomo haivimbi. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Timu ya Sarah Tishkoff ilipowapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470 na kuchapisha matokeo mwaka 2007, ilikuta kwamba baadhi ya jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zina badiliko lao wenyewe la jeni linaloiacha laktasi iendelee kufanya kazi ukubwani, tofauti na lile la Wazungu.

Kwa mtoto mchanga habari ni nyingine. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, kiasi cha gramu 7 kwa kila mililita 100, na karibu kila mtoto huzaliwa na kimeng'enya cha kuyamudu. Upungufu wa kuzaliwa nao ni adimu sana. Kinachotokea mara kwa mara ni utumbo kuchubuka baada ya kuharisha vibaya na laktasi kupungua kwa muda, kisha hali inarudi. Mtu mzima asiyehimili laktosi naye anaweza kunywa mtindi akakaa salama, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya ile sukari. Mtoto mwenye mzio akipewa mtindi huohuo anaweza kukimbizwa hospitali. Maneno mawili, na kuyachanganya kuna gharama.

Kuna mtego mwingine mdogo wa maneno nisiopenda kuuacha. Mama mmoja aliniuliza kama togwa ina maziwa, maana amesoma kwamba ina "asidi laktiki". Haina. Asidi hiyo ilipewa jina la maziwa kwa sababu ndimo ilimogunduliwa mwanzo, lakini bakteria huitengeneza hata kwenye mahindi na ulezi. Togwa ya ulezi na kimea haina maziwa ndani yake.

Sasa, ukiondoa, unaweka nini? Swali hili kwetu ni zito kuliko kwingine. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wa Iringa uliongoza nchi nzima kwa asilimia 56.9, na Njombe ukafuata kwa zaidi ya 50. Ndiyo, mikoa hiyohiyo yenye mahindi, maharage, viazi na viwanda vya maziwa. Kumtoa mtoto wa hapa kwenye maziwa bila kumwekea badala ni kumsogeza kwenye hesabu hiyo.

Bahati yetu ni kwamba badala ipo sokoni. Pale Mwanjelwa nanunua usipa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa, wanaopanda kutoka Kyela. Nawachambua, nawakaanga bila mafuta hadi wavunjike mkononi, nawasaga unga, kijiko kimoja kinaingia kwenye mboga ya mtoto. Mifupa ile ndiyo kalsiamu. Ulezi nao una miligramu zipatazo 340 za kalsiamu katika gramu 100, karibu mara tatu ya maziwa ya ng'ombe kwa uzito, ila uji ni maji mengi na si kalsiamu yote ya nafaka inayofyonzwa. Ndiyo faida ya kuuotesha: unga wa kimea hulainisha uji mzito, hivyo unga mwingi zaidi unaingia kwenye kikombe kilekile. Jambo hili si geni hapa. Watafiti Mosha na Svanberg walilipima katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Mafuta nayapata kwenye parachichi la Rungwe, lililoiva hadi la kupondeka kwa uma. Mayai, maharage yaliyomenywa, karanga zilizosagwa laini vinafuata. Soya inafaa wengi, ingawa wapo watoto wachache wenye mzio wa maziwa ambao soya nayo huwaudhi, kwa hiyo huanzishwa kwa kidogo. Maji ya soya ya kutengeneza nyumbani hayachukui nafasi ya maziwa ya mama kwa mtoto wa chini ya mwaka. Kama hanyonyi, yapo maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimekatwakatwa, ghali mno kwa mkulima wa viazi, na hapo ni lazima mtaalamu wa lishe aingie.

Vya dukani vinahitaji macho. Unga wa lishe wa mtaani wakati mwingine huchanganywa na unga wa maziwa, na muuzaji hasemi mpaka umuulize. Biskuti zinazopitishwa madirishani mwa mabasi nyingi zina maziwa, na majina yake yameandikwa kwa lugha ambayo bibi hasomi: kaseini, unga wa maziwa yasiyo na mafuta, majimaji ya jibini. Katika safari zetu mtoto hubeba viazi vyake vilivyochemshwa.

Na turudi kwenye ile kadi. Watu wamezoea kutafsiri mlo wa watoto hawa kuwa "mlo usio na maziwa". Tafsiri hiyo ni pungufu, na kwa lugha yetu ni ya hatari. Waingereza wana neno la bidhaa za ng'ombe lisilogusa kifua cha mama. Sisi hatuna, kwa hiyo lazima tumtaje mnyama. Uwe "mlo usio na maziwa ya mnyama", hata kama neno linarefuka. Maneno mawili ya ziada hayachukui nafasi kubwa kwenye kadi.

Jirani yangu alirudi kliniki wiki ileile. Mtoto alikuwa amekwisha kurudi kwenye titi, kwa kulia kwingi na kwa subira ya mama yake. Safari hii palikatwa mstari juu ya yale maneno matatu, na chini yake pakaandikwa: "Mzio wa maziwa ya ng'ombe na mbuzi. Ya mama anyonye." Wewe unayeshika kalamu ya kliniki, tafadhali andika hivyo.