Kiswahili "Kilichozikwa" Kongo: Mzaha Wetu na Historia Yake

Kuna mzaha nilioupokea nikiwa mwanafunzi, nami nikautumia darasani kwa miaka mingi bila kuutafakari. Husemwa kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda na kuzikwa Kongo. Kila nilipoutaja, ukumbi ulicheka. Mwaka mmoja, miongoni mwa waliokaa mbele yangu alikuwapo kijana kutoka Lubumbashi. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama kilizikwa kwetu, mimi na mama yangu huzungumza lugha gani?"

Sikuwa na jibu. Nililigeuza swali lake kuwa mzaha mwingine, na kosa hilo la pili naliona leo kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Tunapojadili iwapo majina ya utani na sifa za kubandikwa huwakera mataifa mengine, kwa kawaida tunayapima maneno: hili ni tusi, lile si tusi. Katika mzaha huu hakuna neno hata moja la tusi. Ubaya wake, kama upo, umo katika historia unayoifundisha kwa kicheko, na historia hiyo si ya kweli.

Tuanze na kuzaliwa. Utendi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili tuliyonayo, ulitungwa Pate mwaka 1728. Pate iko Kenya. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mombasa kabla ya katikati ya karne ya 19, na Mwana Kupona alimwachia bintiye utendi wake mwaka 1858 huko huko pwani ya kaskazini. Je, hapo ndipo lugha ilipougulia? Kilichotokea ni kwamba mwaka 1928 wakuu wa elimu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, wakaichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuusimamia uamuzi huo katika nchi nne. Kimvita, lahaja ya mji ule ule walimokutania, kikaachwa kando. Sisemi kwamba usanifishaji ulikuwa hasara tupu. Mimi mwenyewe naandika kwa matunda yake. Lakini Mtanzania anayemcheka mtu wa Mombasa kwa "kuugua" anautetea uamuzi wa maofisa wa Kiingereza akidhani anaitetea asili yake.

Uganda inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo kicheko huwa kikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana Gowers alitaka Kiswahili kipanuliwe katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: aliona kwamba lugha ya Waganda na hadhi ya Buganda vingemezwa, tena wakati ambapo kulikuwa na mipango ya kuiunganisha Afrika Mashariki chini ya walowezi wa Kenya. Maaskofu wa misheni nao hawakukitaka. Kiswahili kikabaki zaidi kwa askari, polisi na vibarua. Ndipo alipokuja Idi Amin, akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, huku raia wengi wakikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 2005 katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mtu ambaye baba yake aliamrishwa kushuka garini kwa Kiswahili, na hakurudi, anapoambiwa kwamba lugha hii ilifia kwao, anasikia nini? Sisi tunaona sarufi mbovu. Yeye anakumbuka msiba.

Na Kongo? Lugha ilifika na misafara ya karne ya 19, ile ya pembe na watumwa, ambayo jina la Tippu Tip haliwezi kutenganishwa nayo. Baadaye ikaja migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi Katanga kutoka pande nyingi, na katika miaka ya 1920 hata kutoka Rwanda na Burundi. Watu hao walihitaji lugha ya kuelewana kazini, na watoto wao wakaifanya lugha ya nyumbani. Leo ni moja ya lugha nne za taifa za nchi hiyo. Kaburi gani hili linalozaa watoto?

Wenzangu wataniambia: huu ni utani tu, na utani ni mila yetu. Naukubali utani, tena nauheshimu. Lakini tuukumbuke kama ulivyo. Utani wa makabila yetu, ambao mwingi wake unasimuliwa kuwa ulizaliwa na vita na misafara ya karne ya 19, una masharti. Mtani hujibu. Mtani ana wajibu: ukifiwa, ndiye anayekuja kufanya kazi za msiba huku akikuchekesha. Kumcheka mtu usiyemzika na asiye na nafasi ya kukujibu ni jambo jingine, hata kama maneno ni yale yale.

Katika miaka ya 1970, Watanzania waliwaita Wakenya manyang'au, watu wanaokula wenzao. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, anakumbukwa kwa kujibu kwamba afadhali hao kuliko nchi ambayo watu hawana cha kula. Maneno yalikuwa makali, na mpaka ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, ingawa si kwa sababu ya maneno. Hata hivyo pande zote mbili zilikuwa na magazeti, redio na ulimi, na leo tunayasimulia majibizano yale tukicheka pamoja. Mkongomani katika mzaha wetu hakupewa zamu ya kusema.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo hili limetoka darasani na kuingia ofisini. Nimekaa katika kikao ambapo ofisa mmoja alianza kuchangia kwa Kiswahili cha kwao, watu wawili watatu wakatabasamu, naye akamalizia kwa Kifaransa. Hakuna aliyemtukana. Hakuzungumza Kiswahili tena siku ile.

Yule kijana wa Lubumbashi nilimwomba radhi wiki iliyofuata, mbele ya darasa, nikampa nafasi aseme atakalo. Alisimama akafikiri kidogo. "Mwalimu, umetufundisha kwamba kwa mila zenu kazi za maziko ni za mtani. Basi kama sisi ndio tuliozika, mbona hamjatulipa ada yetu?"

Darasa lilicheka sana siku hiyo, nami nikachekwa pamoja nao.