Kamera ya kuvuta mbali: usinunue namba

Ukitaka kuachana na simu upate kamera ya kupiga mashindano ya majahazi Lamu ukiwa ufuoni, muuzaji atakutajia namba. Nikon P1000 ya 2018 yavuta mara 125, tena kwa lenzi yenyewe. Ule mvuto wa dijitali ni kukata picha na kuitanua tu. Lakini ina uzito wa kilo 1.4, na ikivutwa hadi mwisho tundu la lenzi hufinyika hadi f/8. Magharibi ikikaribia, picha hujaa chenga.

Sony RX10 IV huvuta mara 25 pekee, ila kihisi chake ni kikubwa zaidi na hubaki f/4. Mimi ningechukua hii, ingawa bei yauma. Ukipata iliyotumika, ivute hadi mwisho hapo hapo dukani usikilize: lenzi iliyoingia mchanga hukwaruza.