Mkonge, Nyongo ya Ng'ombe na Vidonge vya Mama

Julai ya mwaka jana, ile baridi ya Nairobi inayoingia hadi kwa mifupa, kifua changu kilifunga saa nane usiku. Kama hujawahi kuwa na pumu, chukua mrija wa soda, bana pua, kisha pandisha ngazi hadi orofa ya tano ukipumua kupitia huo mrija peke yake. Ndiyo hiyo. Inhela yangu ya bluu nilikuwa nimeivuta hadi ikaanza kutoa hewa tupu. Mama akaita teksi, tukatoka na blanketi.

Kliniki walinivalisha barakoa ya mvuke. Kulipokucha daktari akaniandikia prednisoloni: vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya kula, siku 5, basi. Mama akaisoma ile karatasi, akaikunja.

"Daktari, hizi si steroidi? Zile za vijana wa jim?"

Daktari akatabasamu kama mtu aliyeulizwa hilo swali mara mia. "Hapana, Mama. Hizo za jim ni binamu zao tu. Hizi hazijengi misuli. Ukizila muda mrefu, zinaila."

Nilimeza, na kesho yake jioni nikapanda ngazi za nyumbani bila kusimama. Lakini swali la Mama lilibaki kichwani. Kwa nini daktari ampe mtu asiyeweza kupumua dawa ambayo hata yeye anaihesabu siku? Nikaanza kusoma, na nilipofika miaka ya 1950 nikakutana na kazi ya marehemu babu yangu. Tutafika huko.

Hadithi inaanza na tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia: tezi za adrenali. Mwaka 1855 daktari wa London, Thomas Addison, aliandika kuhusu wagonjwa ambao tezi hizo zilikuwa zimeharibika. Walidhoofika, ngozi ikawa nyeusi isivyo kawaida, wakafa. Kwa hivyo vile vitu vidogo vilikuwa na kazi kubwa, ila hakuna aliyejua ni gani. Mwaka 1900, daktari wa Philadelphia aitwaye Solomon Solis-Cohen alichapisha taarifa ya jinsi alivyowapa wenye pumu vidonge vilivyotengenezwa kwa tezi za wanyama, wakapata nafuu. Hakuwa na namna ya kujua ni kitu gani ndani ya tezi kilichofanya kazi.

Jibu lilikuja kupitia magoti. Mwaka 1929, katika Mayo Clinic huko Minnesota, Philip Hench aliona jambo la ajabu: mgonjwa wake wa baridi yabisi alipougua ini, macho yakageuka manjano, maumivu ya viungo yakapotea. Baadaye akaona wanawake wenye ugonjwa huo wakipata nafuu wanapobeba mimba. Akashuku kwamba mwili wenyewe una dawa yake. Jirani yake kazini, mwanakemia Edward Kendall, alikuwa akichambua tezi za ng'ombe na kuvipa vitu alivyovipata herufi. Kimojawapo kiliitwa E. Huko Uswisi, Tadeus Reichstein alikuwa akichambua tezi hizohizo.

Septemba 1948, Hench alimdunga kitu E mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa karibu hawezi kutembea. Siku chache tu zikapita, akatembea. Wiki ilipoisha, akaenda madukani. Kitu E kikapewa jina la kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Miaka miwili tu tangu sindano ya kwanza!

Na pumu je? Hapo ndipo inabidi tuelewe kifua kinafungwa na nini. Wengi wetu tunadhani ni misuli inayobana njia ya hewa, na ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Fikiria soja wa geti la ploti yenu. Kazi yake ni kuzuia wezi. Sasa siku moja anamwona muuza karanga, anapiga filimbi, masoja wa mtaa mzima wanakuja mbio, wanajaza korido, wanavunja vitu, na wewe mwenye nyumba huwezi kupita. Muuza karanga hakuwa na shida. Shida ni wale waliokuja kukulinda. Katika pumu, vumbi, manyoya ya paka au baridi ndiye muuza karanga. Kuta za njia ya hewa zinavimba, makohozi yanajaa, na misuli inabana juu yake.

Inhela ya bluu, salbutamoli, inalegeza misuli kwa dakika chache. Hailigusi lile jeshi lililojaa koridoni. Steroidi ndiyo inayopiga simu: "Rudini kwa geti." Inaingia ndani kabisa ya chembe za mwili na kuzima amri za kuvimbisha. Ndiyo maana haifanyi kazi papo hapo, inachukua saa kadhaa. Na ndiyo maana unapewa hata kama mvuke umeshakufungua, kwa sababu misuli ikilegea leo na uvimbe ukabaki, kesho usiku unarudi palepale.

Mwaka 1956 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuipima kotisoni dhidi ya vidonge bandia. Kwa watu waliolazwa na shambulio kali la pumu, kotisoni ilisaidia waziwazi. Kwa wale wa pumu ya kila siku, faida ilikuwa ndogo. Tayari mwaka 1955 kampuni ya Schering ilikuwa imeleta prednisoni na prednisoloni, zenye nguvu mara 4 hadi 5 ya kotisoni na zisizojaza mwili chumvi na maji kwa kiasi kile. Hicho ndicho kidonge changu. Kina umri kuliko uhuru wetu.

Lakini kukigundua ni jambo moja, kukitengeneza ni lingine. Mwanzoni kampuni ya Merck ilitengeneza kotisoni kutoka kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na gramu moja ilikuwa ghali kuliko gramu ya dhahabu mara nyingi. Mbio za kutafuta njia rahisi zikaanza. Huko Mexico waligeukia kiazi kikuu cha porini. Marekani, mwanakemia Mweusi Percy Julian, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa Alabama, alitumia soya. Na wanakemia wa Uingereza wakageukia takataka za mkonge wa Afrika Mashariki.

Hapa ndipo nilisimama kusoma, nikaenda kujipikia chai.

Babu yangu alikata mkonge Taita Taveta tangu akiwa kijana. Mkonge wenyewe ni mgeni huku kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kuja pwani ya Tanganyika. Iliyofika hai ilikuwa 62, na kutoka hiyo yakatokea mashamba marefu ya Tanga, kisha Thika na Voi. Jani la mkonge lina nyuzi asilimia 4 hivi tu. Mengine yote ni maji na makapi, ambayo mashine iliyatema kando. Babu alisema yale maji yalikuwa yanawasha ngozi hadi unajikuna damu, na harufu yake ilikaa kwenye nguo hata baada ya kufua.

Ndani ya makapi hayo kuna kitu kinaitwa hekojenini, ambacho umbo lake linakaribia lile la kotisoni. Miaka ya mwanzo ya 1950 watafiti wa Uingereza walikipata, na kampuni ya Glaxo ikakitumia kutengeneza dawa za steroidi. Sidai kwamba jani alilokata babu yangu liliishia kwenye kidonge cha mtu London. Ninachosema ni kwamba kwa miaka kadhaa, takataka zilizowasha mikono ya watu kama yeye zilikuwa zikifungua vifua vya watu wengine. Yeye alilipwa kwa matita ya majani. Nilisoma hilo, nikaangalia mfuko wangu wa vidonge, nikaona aibu kidogo kwamba nilikuwa nimevilalamikia kwa uchungu wake mdomoni.

Ningeishia hapo, na ingekuwa insha tamu. Lakini wiki hiyo Mama aliona vidonge vyangu mezani, vile vidogo vyeupe, akasema, "Hivi si kama vyangu?"

"Vyako vipi?"

Akatoa bahasha ya khaki kwenye mkoba. Haikuwa na jina la dawa. Iliandikwa kwa kalamu tu: kifua, 2x2. Mama alikuwa na kikohozi kikavu kisichoisha, na kwa karibu miezi saba duka moja la dawa lilikuwa likimuuzia hizo bahasha. "Zinaniinua," akasema. "Nikimeza nasikia njaa, nasikia nguvu."

Ni kweli zilikuwa zinamwinua. Shangazi walikuwa wakimwambia amenawiri. Mashavu yalikuwa yamejaa. Sikuwa nimeangalia mikono yake, ambayo ilikuwa imekonda, wala michubuko ya bluu aliyosema ni ya kugongagonga vyombo.

Hili pia lina historia yake. Hench na wenzake waliona mapema kwamba uso unajaa kama mwezi, sukari inapanda, mifupa inalainika, na watu wengine akili inayumba. Jambo lingine lilijitokeza: mwili ukipata steroidi kutoka nje kwa muda mrefu, zile tezi juu ya figo zinaacha kazi. Kwa nini zihangaike na kuna mtu analeta bure? Ukiacha vidonge ghafla, au ukaugua sana, au ukafanyiwa upasuaji, mwili unahitaji homoni hiyo na haipo. Unaweza kufa. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani tayari waliandika kuhusu kifo cha namna hiyo baada ya upasuaji. Siku 5 kama zangu kwa kawaida hazifikishi tezi huko. Miezi saba, zinaweza.

Ndiyo maana dawa ya pumu ya kila siku ilihamia kwenye inhela. Mwaka 1972 ikaja beklometasoni ya kuvuta, dozi ndogo inayokwenda moja kwa moja kwa mapafu. Vidonge vikabaki vya dharura. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mtu mzima asitegemee inhela ya bluu peke yake. Mimi nilikuwa nimeitegemea hiyo tu kwa miaka 6, kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanya kazi haraka.

Na kikohozi cha kawaida, hiki tunachokiita "kifua"? Hapo kuna mwizi wa kweli, kirusi au bakteria, na kuwatuliza masoja si lazima kukusaidie. Mwaka 2017 watafiti Uingereza walichapisha jaribio la watu wazima wapatao 400 wenye maambukizi ya kifua lakini wasio na pumu. Nusu walipewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku 5, nusu vidonge bandia. Kikohozi kikaisha kwa muda uleule. Wanaofaidika ni wengine: wenye pumu ambao maambukizi yameiamsha, wenye mapafu yaliyochakaa kwa sigara au moshi wa kuni, na baadhi ya walio mahututi. Juni 2020 tuliona mfano: deksametasoni ilipunguza vifo vya Covid kwa theluthi moja kati ya waliokuwa kwenye mashine ya kupumua, lakini haikuwafaa wasiohitaji oksijeni. Na kwa nchi yenye kifua kikuu kama yetu kuna hatari nyingine: steroidi za muda mrefu zinaweza kumwamsha TB aliyelala.

Nilimrudisha Mama kwa yule daktari. Alimwangalia uso kabla hata hajakaa, kisha akaninyoshea kidole cha onyo: "Asiache leo. Usimwambie aache leo." Walimpima makohozi, picha ya kifua, sukari. TB hakuna. Sukari ilikuwa imepanda. Kikohozi chenyewe kilitokana na dawa yake ya presha, moja ya zile zinazojulikana kuleta kikohozi kikavu. Akabadilishiwa, na baada ya wiki chache kikaisha. Miezi saba ya bahasha, na mapafu yake hayakuwa na shida yoyote.

Kuviacha vile vidonge kulichukua muda mrefu kuliko kutibu kikohozi. Nusu kidonge ilipunguzwa, tukasubiri wiki, ikapunguzwa nyingine. Kuna asubuhi alishindwa kutoka kitandani, akasema mwili ni kama gunia la mchanga. Nilikaa kando yake na inhela yangu mpya ya kahawia, ile ya kuvuta kila siku hata nikiwa mzima, nikamsomea habari za Hench na mkonge. Alisikiliza hadi kwa babu.

"Baba alikuwa anakohoa sana," akasema. "Hakuna aliyewahi kumpa chochote."

Siku hizi mashavu yake yamepungua, na shangazi wanauliza kama ni mgonjwa. Anawajibu kwamba amepona. Juzi tulipitia duka la dawa kununua ya kichwa. Kijana akahesabu vidonge, akavitia kwenye bahasha, akaandika 1x3. Mama hakuipokea.

"Andika jina lake kwanza, mwanangu," akamwambia. "Nitangoja."

Kijana akaandika.