Gosi: uzio uliogeuka gugu nchini Nyuzilandi

Gosi, kwa jina la kisayansi Ulex europaeus, ni kichaka cha jamii ya mikunde kinachobaki kijani mwaka mzima. Asili yake ni Ulaya ya magharibi, kuanzia Ureno na Uhispania hadi Uingereza na Ayalandi, ambako humea pwani na kwenye nyanda zenye udongo hafifu. Mche mchanga huwa na majani ya vipande vitatu vitatu. Ukikua, nafasi ya majani huchukuliwa na miiba mikali ya kijani. Kichaka hufikia mita mbili hadi nne. Maua yake ni ya manjano iliyokolea, yana umbo la ua la njegere na hunukia kama nazi. Miiba ndiyo huitenganisha gosi na Cytisus scoparius, mgeni mwingine kutoka Ulaya mwenye maua kama hayo.

Walowezi waliipeleka Nyuzilandi mwanzoni mwa karne ya 19. Waya wa uzio ulikuwa adimu, na uwanda wa Canterbury ulikuwa na miti michache. Gosi ilizuia mifugo, ilikua haraka, na machipukizi yake yalikuwa malisho. Charles Darwin alipofika kituo cha wamisionari cha Waimate, Desemba 1835, aliikuta imekwisha kupandwa kuwa uzio.

Uimara huohuo ndio ulioleta balaa. Maganda yakikaukia juani hupasuka na kurusha mbegu mita kadhaa, na mbegu hizo zaweza kukaa ardhini miaka 30 au zaidi kabla ya kuota. Kukata misitu kwa ajili ya malisho kuliipa gosi makao iyapendayo: vilima vilivyo wazi, malisho yaliyochoka, kingo za mito na barabara. Kuichoma hakukusaidia, kwani visiki vilichipua upya na mbegu zikaota kwa wingi kwenye ardhi iliyoachwa tupu.

Mwaka 1900 gosi iliingizwa katika sheria ya magugu hatari. Mwaka 1931 waliachiliwa fukusi wanaokula mbegu zake. Lakini nchini humo gosi hutoa pia mbegu za majira ya kupukutika kwa majani, na hizo fukusi hawazigusi. Utitiri uliofuata mwaka 1989 nao haukuikomesha.

Njia tofauti ilianza mwaka 1987 katika hifadhi ya Hinewai, rasi ya Banks, chini ya mtaalamu wa mimea Hugh Wilson. Gosi haivumilii kivuli, ilhali miche ya miti ya asili huweza kukua chini yake. Kwa hiyo iliachwa bila kukatwa wala kuchomwa, hadi miti ikaipita kimo na kuinyima mwanga. Msitu wa asili umerudi kwenye sehemu kubwa ya hifadhi hiyo. Kwenye malisho, wakulima bado huidhibiti kwa kukata, kwa dawa na kwa mbuzi.