Kuta za Mji wa Kale na Sauti za Watu Wake

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walikusudia tabia za watu, lakini usemi huu wafaa pia kwa habari ya sauti. Mgeni apitaye katika Mji wa Kale wa Mombasa husimama akaitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, kisha akaenda zake. Ni wachache waingiao ndani, wakapiga kofi moja katikati ya chumba kitupu, wakasikiliza jinsi chumba kinavyojibu. Katika jibu hilo mna historia, na kwa kijana atakaye kunasa sauti nyumbani kwake mna mafunzo ambayo kuyakosa ni hasara. Jambo ninalotaka kukuonyesha, msomaji, ni hili: chumba ni ala ya kwanza ya muziki. Akitengenezaye vizuri huitunza sauti na nyumba pamoja. Akitengenezaye vibaya aweza kuvipoteza vyote viwili, na roho za watu juu yake.

Tuanze na nyumba yenyewe. Mafundi wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa kuta nene zipatazo nusu mita. Juu ya kuta walilaza boriti za mikoko, na boriti hizo hazikuweza kubeba dari pana. Kwa sababu hiyo upana wa chumba haukuzidi mita 3 hivi, ingawa urefu wake uliweza kufika mita 6 na zaidi. Ukuta wa namna hii ulikuwa ngao dhidi ya jua, na ulikuwa ngao dhidi ya kelele pia, maana sauti huzuiwa na uzito. Lakini kwa ndani, lipu laini ya chokaa huirudisha sauti kama kioo kirudishavyo mwanga. Neno likitamkwa hugonga ukuta huu, likaruka hadi ule, likarudi, na kila mara hupungua kidogo tu. Mabaki hayo ya sauti yanayokawia hewani baada ya neno kwisha tutayaita mvumo.

Wakazi wa zamani hawakuupima mvumo huo kwa hesabu, lakini waliishi nao bila taabu, kwa kuwa vyumba vyao havikuwa vitupu. Palikuwa na mikeka na mazulia sakafuni, mapazia mazito milangoni, vitanda vyenye magodoro ya sufi, na zidaka ukutani zilizopangwa vyombo. Sidai kuwa zidaka zilichimbwa kwa ajili ya sauti. Hata hivyo, uso wenye vina mbalimbali huitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa pigo moja, na kitu laini huinyonya. Basi pambo la nyumba lilifanya kazi ambayo mwenye nyumba hakuiagiza.

Haja ya kukifikiria chumba kwa makusudi ilikuja pamoja na mashine za kunasa sauti. Hapo mwanzo mashine hizo hazikuwako kwetu, ikawa mwimbaji huifuata mashine. Mwezi wa Machi 1928, Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, Uhindi, ili waimbe mbele ya mashine za kampuni ya santuri. Fikiri, msomaji: nyimbo za Kiswahili, zilizotungwa na kupendwa pwani, zililazimika kusafiri baharini ili zipate chumba cha kunaswa.

Miaka ilipopita, chumba hicho kilikaribia nyumbani. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake cha redio, Sauti ya Mvita. Katika miaka ya 1960 na 1970 duka la Assanand & Sons la mji huu lilitoa santuri kwa chapa ya Mzuri, na humo zikahifadhiwa sauti za waimbaji wa taarabu kama vile Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Matano Juma. Kisha ikaja kaseti, iliyoletwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963, na maduka kama Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale yakauza kaseti za nyimbo zilizopendwa mitaani. Mwaka 2005 nyimbo za taarabu ya Mombasa za miaka ya 1965 hadi 1975 zilitolewa upya huko Ufaransa katika mfululizo uitwao Zanzibara. Miaka 30 na zaidi ilikuwa imekwisha kupita, na bado sauti zilisikika, kwa sababu palikuwa na mtu aliyezinasa.

Leo safari ya Bombay imekuwa hatua chache kutoka kitandani hadi mezani. Kompyuta moja na maikrofoni moja zatosha kumfanya kijana wa Mombasa kuwa na studio katika chumba chake cha kulala. Lakini kadiri mashine ilivyopungua bei, ndivyo chumba kilivyosahauliwa. Maikrofoni haina adabu ya sikio. Sikio la binadamu humchagua msemaji na kuyaacha mengine. Maikrofoni hupokea yote, mwimbaji na ukuta wake. Na mvumo ukiisha kuchanganyika na sauti, kuuondoa ni kama kuitoa chumvi katika mchuzi. Mohamed Khamis Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin mwaka 2016. Hatuwezi kumwomba yeyote kati yao arudie wimbo kwa kuwa chumba kilikuwa kibaya.

Elimu ya kukipima chumba iliwekwa katika hesabu mbali na hapa. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wasikilizaji hawakuelewa maneno ya msemaji. Sauti moja ilikawia hewani kwa zaidi ya sekunde 5, hata neno la kwanza likawa halijafa na mengine mengi yamekwisha kulipanda mgongoni. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake walibeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakayapanga, wakaliza bomba la kinanda, wakapima muda ambao sauti ilichukua kufa. Kabla ya asubuhi waliyarudisha matakia mahali pake. Baada ya kazi ya miaka kadhaa Sabine alipata kanuni: mvumo hurefuka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hufupika kadiri vitu vinyonyavyo sauti vinavyozidi. Ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa msaada wa elimu hiyo.

Tuijaribu kanuni hii katika chumba cha Mji wa Kale. Tuseme chumba kina urefu wa mita 6, upana wa mita 2.7, na kimo cha mita 3.5. Ujazo wake ni mita 57 za ujazo, kwa kukadiria, na nyuso zake zote, yaani kuta, sakafu na dari, ni mita za mraba 93. Tukikisia kuwa nyuso hizo ngumu hunyonya sehemu 3 tu katika kila 100 za sauti izigongayo, chumba kizima chanyonya kama mita za mraba 2.8 za dirisha lililo wazi. Zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa 2.8: utapata sekunde 3 na robo. Lakini usemi na udi huhitaji kama nusu sekunde au pungufu. Ili kufika sekunde 0.4 yatakiwa vitu vinyonyavyo sehemu 80 katika 100, vya eneo la mita za mraba 26, yaani zaidi kidogo ya robo ya nyuso zote. Basi hapana haja ya kukifunika chumba chote. Chumba kilichofunikwa chote hufa, na mwimbaji ndani yake hujiona kama aimbaye akiwa amefunikwa blanketi.

Hapa hutokea makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa kufupisha mvumo na kuzuia kelele ni kazi moja. Godoro lililosimamishwa ndani hufupisha mvumo, lakini haliwezi kuizuia pikipiki iliyo nje, kwa maana ni jepesi. Kelele huzuiwa na uzito na kwa kuziba nyufa. Ukuta wa matumbawe tayari una uzito. Udhaifu uko kwenye mlango na dirisha, na huko ndiko penye kazi. Hata hivyo mji una sauti zake, nazo hazipaswi kupigwa vita. Adhana husikika mara 5 kila siku, na muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe. Mnasa sauti mwenye busara huzijua saa hizo, akapanga kazi yake kwa kuzifuata.

Kosa la pili ni kutumainia vitu vyembamba. Wengi hubandika trei za mayai ukutani wakaridhika. Katika joto letu sauti hukimbia karibu mita 350 kwa sekunde. Sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 35, na yenye mitetemo 100 ina wimbi la mita 3 na nusu. Kinyonyaji hufanya kazi vizuri pale ambapo hewa hutikisika sana, na mahali hapo ni umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani: sentimita 9 kwa sauti ya kwanza, na sentimita 88 kwa ile ya pili. Karatasi ngumu yenye kina cha sentimita 5 hupunguza kidogo sauti nyembamba tu. Nzito huipita kana kwamba haipo. Zaidi ya hayo, kuta mbili zilizoachana kwa mita 2.7 hulipa nguvu wimbi la mitetemo 65 hivi, likanguruma kuliko mengine. Ndipo wimbo hutoka ukiwa umepoteza uwazi wa maneno, na besi ikabaki ikivuma.

Dawa iliyo njema ni fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10 au zaidi, zilizojazwa pamba ya mawe na kufunikwa kitambaa ambacho pumzi hupita. Zisimame zenyewe sakafuni, sentimita 10 mbali na ukuta, na penye pembe za chumba ziwe nene zaidi, kwa kuwa sauti nzito hukusanyika pembeni. Zidaka ziachwe wazi, zipangwe vitabu. Na tazama jinsi faida mbili zinavyokutana: nafasi hiyo ya nyuma huisaidia fremu kunyonya sauti nzito, na vilevile huuacha ukuta upumue. Chokaa ya zamani hupokea unyevu na kuutoa. Ukiigandisha kwa gundi, siku ya kubandua utaing'oa. Ukiifunika kwa saruji, unyevu na chumvi hufungwa ndani, na jiwe huanza kumomonyoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa matumbawe, mafundi wake si wengi.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Wengine hununua sponji ya magodoro wakaizungushia chumba kizima. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa burudani wa West Warwick, Marekani, fataki ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza sauti, na watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013 jambo kama hilo lilitokea Santa Maria, Brazili; sponji ya darini ilishika moto, na watu 242 wakapoteza maisha. Sponji hiyo huwaka upesi, na moshi wake ni sumu. Sufi, pamba na nguo kuukuu nazo huwaka, kwa hiyo ziwekwe mbali na nyaya za umeme na kila chenye joto. Pamba ya mawe haiwaki. Katika Mji wa Kale, penye vichochoro visivyopitisha gari, roshani za mbao na dari za boriti, moto wa chumba kimoja ni msiba wa mtaa mzima. Kwa hiyo mlango wa studio usizibwe kamwe, hata kwa ajili ya wimbo ulio mzuri kuliko zote.

Basi, msomaji, ukijaliwa kuwa na maikrofoni, usitangulie kuulizia mashine iliyo ghali zaidi. Kitengeneze kwanza chumba, kwa kiasi na kwa heshima ya waliokijenga. Kisha mkaribishe ndani mzee ajuaye nyimbo za harusi au visa vya mabaharia, umpe kiti na kikombe cha kahawa, umsikilize. Nyimbo zako mwenyewe zaweza kungoja mwaka mmoja. Za kwake huenda zisiweze.