Gato nyekundu ya siku ya uhuru

Gato nyekundu kama veluru, inayopikwa na familia nyingi za weusi wa Marekani mwezi wa sita, zamani haikuwa nyekundu hivyo. Katika karne ya 19 kakao ililainisha unga. Siki ikiongezwa, wekundu ulikuwa hafifu tu. Rangi kali ilisambazwa baadaye na kampuni Adams ya Texas, iliyouza chupa za rangi pamoja na karatasi za mapishi. Biashara ni biashara.

Lakini ni Texas huko huko ambako watumwa walisomewa uhuru wao tarehe 19 Juni 1865, zaidi ya miaka 2 kisha Lincoln kuusaini. Meza ya siku hiyo ni nyekundu: vinywaji, tikiti maji, gato. Mwandishi wa mapishi Michael Twitty anaihusisha rangi hiyo na Wayoruba na Bakongo waliopelekwa kule utumwani. Kwao, nyekundu ilibeba nguvu ya kiroho.