Maada nyeusi: kwa nini si vumbi tu la angani?

Msikilizaji, ukitazama juu usiku unaona nyota. Lakini wanasayansi wanasema sehemu kubwa ya uzito uliopo huko haionekani kabisa. Wanaiita maada nyeusi. Haitoi mwanga, inajulikana kwa nguvu yake ya mvuto tu.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliona galaksi za kundi moja zikienda kasi mno. Uzito wa nyota zilizoonekana haukutosha kuzishika pamoja. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi nyingine, wakakuta nyota za pembezoni zinakimbia karibu sawa na za ndani. Kuna kitu kinazivuta.

Je, kitu hicho hakiwezi kuwa mawe, vumbi na nyota zilizozimika? Jibu tunalipata kwenye elementi.

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Dakika chache za mwanzo ulikuwa na joto kali sana, na humo zikapatikana hidrojeni, karibu robo tatu ya uzito wote, na heliamu, karibu robo. Ikabaki pia hidrojeni nzito kidogo, iitwayo deuteriamu. Chuma cha jembe lako na oksijeni unayovuta vilitengenezwa baadaye, ndani ya nyota.

Deuteriamu ndiyo shahidi wetu. Ni kama gulioni: watu wakiwa wengi hugongana kila hatua, wakiwa wachache hupishana. Kama maada ya kawaida ingekuwa nyingi, chembe zingegongana zaidi, na karibu deuteriamu yote ingegeuka heliamu. Lakini kwenye gesi ya mbali ambayo nyota hazijaibadilisha sana, bado zipo atomu zake kama 25 kwa kila milioni moja za hidrojeni.

Kwa hesabu hiyo, maada ya kawaida ni asilimia 5 tu ya ulimwengu. Mawe, vumbi na nyota zilizozimika vyote vimo humo. Maada nyeusi ni kama asilimia 27, na inayobaki huitwa nishati nyeusi.

Kwa hiyo maada nyeusi haikutokana na atomu kama zetu. Ni kitu kingine, na hadi leo hakuna aliyeikamata hata chembe yake moja. Wanaitafuta hata chini ya mlima Gran Sasso, Italia, ambako mwamba huzuia miale mingi ya angani isivuruge vipimo.